Nani Anahama, na kwa Nauli ya Nani?

Kila mara wamachinga wanapoondolewa kando ya barabara, maoni redioni na vijiweni huwa yaleyale. Vijana hawataki jembe. Wamekimbilia mjini kufuata starehe. Warudishwe kwao wakalime. Ilikuwa hivyo Oktoba 2021, vibanda vilipovunjwa Dar es Salaam na kwenye miji mingine ili wafanyabiashara wadogo wahamie maeneo waliyopangiwa, na huwa hivyo kila foleni inapozidi au maji yanapokatika. Cha ajabu, anayepiga simu redioni kulalamika mara nyingi naye kazaliwa Tarime, Same au Mbinga. Alifika Dar kwa shule au kwa barua ya ajira, akajenga Goba au Kimara, na hakuna hata siku moja aliyemwambia kwamba amekimbilia mjini.

Wote wawili wamehama. Mmoja tunamwita mtumishi au msomi, mwingine tunamwita mzururaji, na kinachowatenganisha si umbali waliosafiri wala sababu iliyowatoa nyumbani. Kinachowatenganisha ni tabaka. Ukisikiliza mijadala yetu kuhusu "wimbi la vijana mjini" utaona tabaka halitajwi kabisa, na ndiyo maana mijadala hiyo haifiki popote.

Tuanze na maneno yenyewe. Uhamaji wa ndani ni kubadili makazi bila kuvuka mpaka wa nchi. Hauhitaji pasi wala viza, kwa hiyo kuuhesabu ni kazi ngumu. Sensa huukamata kwa kuuliza ulizaliwa wapi na sasa unaishi wapi. Swali hilo linamnasa aliyehamia Arusha miaka ishirini iliyopita, lakini yule anayekwenda Kilombero kukata miwa msimu mmoja kisha akarudi kwao anaweza kupita bila kuonekana. Na wa aina hiyo ni wengi.

Tabaka nalo tunalirahisisha mno. Tukisikia mtu ni "wa hali ya chini" tunafikiria pesa za mfukoni. Pesa ni sehemu tu. Kuna mali: shamba, ng'ombe, nyumba, kiwanja. Kuna namna mtu anavyopata riziki, yaani kama anauza nguvu zake kwa siku, analipwa mshahara kila mwezi, au anaajiri wengine. Kuna elimu, na hasa vyeti, maana Tanzania cheti kinatembea hata pale ujuzi usipotembea. Halafu kuna jambo ambalo wachumi huligusa kwa mbali ila kila mtu wa mtaani analifahamu: una nani wa kukushika mkono? Mjomba bandarini, dada muuguzi Muhimbili, rafiki wa baba halmashauri. Vijana siku hizi wanasema koneksheni. Mtu anaweza kuwa hana shilingi mfukoni na bado akawa na mjomba, na mjomba huyo akamfaa kuliko laki tano.

Si wote wanaokwenda Dar

Imani ya kwanza inayohitaji kuvunjwa ni kwamba nchi nzima inamiminika Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ongezeko la watu milioni moja si dogo, ila likigawanywa kwa miaka kumi linatoa ukuaji wa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kwa maneno mengine, katika muongo huo Dar ilikua polepole kuliko nchi yenyewe.

Je, watu wameacha kwenda Dar? Hapana. Tazama mkoa wa jirani. Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Hapo ndipo palipojaa. Dar ni sufuria la uji lililojaa: ukichungulia ndani unaona uji umetulia, kumbe umeshafurika na kumwagikia jiko zima. Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo wamejaa watu ambao kazi zao, soko lao na hospitali zao ziko Dar, isipokuwa kodi ya nyumba au bei ya kiwanja imewasukuma ng'ambo ya mpaka wa mkoa. Sensa inawaandika watu wa Pwani. Daladala za alfajiri zinawajua ni watu wa wapi.

Na kwa nini wamwagikie huko? Tabaka tena. Kiwanja cha Mbezi Beach au Goba kina bei yake, cha Vikindu kina yake. Fundi uashi anajenga maghorofa ya Masaki mchana na usiku analala Mkuranga, saa mbili njiani kwenda na mbili kurudi. Wakati wa mkoloni mji huu uligawanywa wazi katika kanda tatu: Wazungu Oysterbay, Wahindi na Waarabu katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Sheria hizo zilikufa zamani. Siku hizi anayegawa mji ni dalali, naye hatumii rangi ya ngozi.

Halafu kuna uhamaji ambao haugusi mji kabisa. Mkoa wa Katavi uliruka kutoka watu 564,604 mwaka 2012 hadi 1,152,958 mwaka 2022, ukuaji wa asilimia 7.1 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ule wa Dar. Mpanda ni mji, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya Katavi ni mashamba na pori. Watu wanazaliana, hilo lipo, na pia wanahamia, wengi wao wakiwa wakulima na wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa ambako ardhi imebana. Safari za Wasukuma kuelekea kusini zina miongo mingi: Tabora, Rukwa, bonde la Usangu, Kilombero, na baada ya wafugaji kuondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu mwaka 2006, wengine wakasukumwa hadi Lindi. Hao ni wahamiaji kamili, lakini kwenye kipindi cha redioni hutawasikia wakitajwa, kwa sababu hawauzi soksi mbele ya duka la mtu.

Nao hawako sawa. Mwenye ng'ombe mia tatu anahama na mali yake ikitembea kwa miguu, anafika na kuomba eneo kwenye serikali ya kijiji akiwa na uwezo wa kusikilizwa. Mchungaji wake, kijana anayelipwa ndama mmoja kwa mwaka au pesa kidogo kwa mwezi, amehama njia ileile, siku ileile, bila kumiliki hata kwato moja.

Maskini kabisa hahami mbali

Imani ya pili ni kwamba wanaohama ndio maskini kuliko wote. Kwa akili ya haraka inaingia: aliyeshikwa na shida ndiye anayekimbia. Sasa tupige hesabu. Tuchukue kijana wa kijijini anayetaka kuanza maisha mjini akiwa hana wa kumfikia. Chumba cha kawaida uswahilini, tuseme cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: 300,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 50,000. Hapo tayari ni 350,000 na hajanunua godoro, hajala, hajalipa nauli, hajapata kazi. Kama gunia la mahindi kijijini kwao linauzwa 60,000, anahitaji magunia karibu sita ya ziada, yaani baada ya familia kula na mbegu kuwekwa. Kaya inayomaliza chakula Januari haina gunia la ziada.

Kwa hiyo kuhama kunahitaji mtaji. Aliye chini kabisa hana nauli ya kumfikisha mbali, na mara nyingi akihama anahamia karibu: kijiji cha pili, kulima vibarua kwenye shamba la mwingine, au mji mdogo wa wilaya anakoweza kwenda kwa miguu. Wanaofika mbali huwa wa hatua moja juu yake, wale ambao familia ina kitu cha kuuza, au ina ndugu aliyetangulia.

Ndugu aliyetangulia ndiye anayeibadilisha hesabu yote ile. Ukifikia kwake hulipi miezi sita, humlipi dalali, na wiki ya kwanza unakula. Ndiyo sababu vijiji fulani vina watu wao Manzese na vingine Mbagala, na kazi nazo zinafuatana kijiji kwa kijiji. Si kwamba watu wa sehemu fulani "wamezaliwa" na biashara ya mitumba au ulinzi wa usiku. Wa kwanza aliingia huko, akamvuta mdogo wake, mdogo akamvuta shemeji.

Tofauti hii ilipangwa

Hapa inabidi tukae kidogo, maana bila historia tunabaki na dhihaka za makabila: wale wana akili ya pesa, hawa ni wa kubeba mizigo.

Serikali ya kikoloni, ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza, ilidai kodi kwa pesa taslimu. Palipoota zao la kuuzwa, watu walilipa kodi kwa zao hilo. Kilimanjaro kulikuwa na kahawa. Wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaundwa ushirika wa kahawa wa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union). Bukoba kahawa, Rungwe kahawa, na misheni zikajenga shule mapema. Mtoto wa huko alipohama miaka ya 1940 na 1950, mara nyingi alihama akiwa na cheti au mtaji wa duka. Alihama kuwa karani, mwalimu, mfanyabiashara. Ardhi ilishaanza kubana, kihamba, yaani shamba la familia, kinagawanywa kwa wana wanne watano, hivyo kuondoka kulilazimu. Lakini aliondoka na kitu mkononi.

Kwingine mpango ulikuwa tofauti. Kigoma, Songea, Njombe na maeneo mengine ya mbali yaligeuzwa hazina ya vibarua. Hapakuwa na reli ya maana ya kubebea mazao au hapakuhimizwa zao lolote la biashara, na kodi ilikuwa palepale. Njia iliyobaki ni kwenda kuuza nguvu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji makumi ya maelfu ya watu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama SILABU. Hao ndio manamba. Walisafirishwa kwa malori na treni, wakapewa kambi na kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi za kukamilisha ndipo walipwe. Wengine walirudi kwao mkataba ulipokwisha, wengine hawakurudi. Ukitembea leo vijiji vya Korogwe na Muheza utakuta wajukuu wao, Waha, Wamakonde, Warundi, wakizungumza Kisambaa vizuri kuliko lugha ya babu.

Angalia basi. Watu wawili wa miaka ileile, wote wametoka mikoani kwao kutafuta pesa. Mmoja anapanda treni na cheti cha shule, mwingine anapanda lori na namba. Watoto wa wa kwanza walisoma, wa pili walizaliwa kambini. Vizazi vitatu baadaye tunasema kabila hili linajua kutafuta na lile halijui. Hapana, mzee. Kuna waliopewa zao na shule, na kuna waliopewa kipande.

Uhuru haukuondoa hofu ya mhamiaji maskini mjini. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamini, na kwa sababu zake, kwamba taifa litajengwa vijijini. Miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na kuanzia mwishoni mwa 1973 kuhamia huko kukawa lazima. Ni moja ya uhamaji mkubwa kabisa kuwahi kutokea nchini, nao ulitoka shamba kwenda shamba. Mjini kulikuwa na misako, na mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya nguvu kazi iliyotaka kila mtu aonyeshe ana kazi inayotambulika. Wasio na kitambulisho cha kazi walipakiwa kwenye malori na kupelekwa mikoani. Wengi walikuwa wamerudi mjini kabla lori halijamaliza kushusha mzigo wa pili. Mishahara ya watumishi wakati huo ilikuwa hainunui chakula cha wiki mbili, na mji mzima, pamoja na mabosi, uliishi kwa biashara ndogondogo ambazo sheria ilikuwa inazisaka.

Desemba 2018 serikali ya Rais Magufuli ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Ukivilinganisha na malori ya 1983, utaona umbali ambao mawazo yetu yametembea. Ukivilinganisha na vibanda vilivyovunjwa Oktoba 2021, utaona kwamba bado hatujaamua.

Basi moja, safari tofauti

Nenda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, jioni mabasi ya mikoani yanapoingia. Kutoka buti la basi moja vinashushwa mabegi ya shangazi kaja, kiroba cha mchele, ndoo ya asali iliyofungwa kwa gundi, kuku wawili ndani ya tenga. Wanaoshuka wamekaa viti vya jirani kwa saa kumi na zaidi. Waangalie wanavyotawanyika.

Mtumishi aliyehamishwa hana haraka. Mizigo yake inakuja nyuma kwa Fuso. Taratibu za utumishi zinasema akihamishwa na mwajiri analipwa posho ya kujikimu, posho ya usumbufu na gharama za mizigo. Walimu wengi wanajua uchungu wa kuidai posho hiyo, na aliyeomba kuhama mwenyewe hujigharimia. Ila haki ipo imeandikwa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, maelfu ya watumishi walihama na familia zao, na mkoa ule ukafikia watu 3,085,625 kwenye sensa ya 2022. Hatukusikia mtu akilia kwamba watumishi wamekimbilia mjini.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapokewa na shangazi. Atalalamika kuhusu mkopo, atakula ugali wa hosteli, lakini miaka mitatu ijayo atakuwa na cheti kinachomruhusu kubaki bila mtu kumuuliza kwao ni wapi.

Kijana wa tatu anapanda daladala mbili hadi kwenye geto la watu wa kijijini kwao, wanne chumba kimoja, wanachangia kodi na sufuria. Asubuhi mwenyeji wake anampeleka Kariakoo kwa mwenye duka anayemwamini. Atachukua bidhaa kwa mali kauli, yaani mzigo anapewa bila kulipa, jioni analeta pesa ya watu na faida inabaki kwake. Hakuna benki ambayo ingempa kijana huyo mkopo siku yake ya pili mjini. Ukitazama kwa makini, yule mwenyeji ndiye amemdhamini, kwa jina lake na kwa aibu atakayoipata kijana akitoroka na soksi za watu. Watu wanaosema machinga hawana mfumo hawajawahi kuutazama kwa karibu.

Wa nne ni binti, labda ana miaka kumi na sita, ameshika karatasi yenye namba ya simu. Atapokewa na mtu anayetafutia watu wasichana wa kazi, na mwenye nyumba atamlipa mtu huyo, si binti. Kazi yake ni ya ndani, kwa hiyo hata misako ya barabarani haitamgusa. Huyu ndiye mhamiaji ambaye tabaka la kati linamhitaji kuliko wote: mama na baba wa Kimara hawawezi wote wawili kwenda ofisini bila yeye. Mshahara wao wawili umekaa juu ya mgongo wake, naye jina lake kamili halijulikani kwa majirani. Wanamwita dada.

Tukishamtaja yeye, tuseme na la ardhi. Tunazungumza kana kwamba mhamiaji ni mwanamume, wakati wanawake wanahama mno, wengi kwa kuolewa na wengine kwa kukosa cha kubakia nacho. Tamko la sheria za kimila la 1963 linampa binti nafasi ya mwisho katika urithi, na mjane anategemea wanawe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua, katika shauri lililotoka Kagera, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Uamuzi ulikuwa mkubwa. Kwenye vikao vya koo haukufika kwa kasi hiyo. Binti asiye na ekari ya kusubiri anapanda basi mapema kuliko kaka yake, na akifika huanzia chini kuliko kaka yake.

Je, kuhama kunalipa?

Hapa hatubahatishi, maana Kagera ni miongoni mwa sehemu chache Afrika ambako watafiti wamefuatilia watu walewale kwa muda mrefu. Walianza mwaka 1991 hadi 1994 na kaya zaidi ya 900. Mwaka 2004, na tena 2010, wakawatafuta wale wale popote walipo: Mwanza, Dar, Uganda, kijiji cha pili. Kisha wakalinganisha waliohama na waliobaki ambao mwanzoni walikuwa wakiishi nyumba moja. Hilo ndilo jambo la maana, kwa sababu wote walianza na kaya ileile na shamba lilelile.

Matumizi ya waliohama hadi mwaka 2004 yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Kwa lugha ya jikoni, kula kwao, kuvaa kwao na ada za watoto wao viliwaacha mbali ndugu zao wa nyumbani. Kwa hiyo anayemwambia kijana "baki ulime" anamshauri kitu ambacho yeye mwenyewe, kama aliwahi kuhama, hakukifanya, na kutokukifanya kulimlipa.

Matokeo yanayofuata ndiyo yanayonivutia zaidi. Watafiti walipowaangalia waliotoka kwenye umaskini, walikuta ni mmoja tu kati ya saba aliyetoka kwa kwenda jiji kubwa. Karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kufanya shughuli nyingine kijijini au kwenda mji mdogo. Waliofika jijini walipanda kwa kasi zaidi, ila walikuwa wachache. Kwa nini wachache? Rudia ile hesabu ya 350,000. Mji mdogo una chumba cha bei ndogo, nauli ya kurudi nyumbani ni ya bodaboda, na shamba halijaachwa: mke analima, mume ana mashine ya kuchomelea vyuma sokoni. Ni mlango mwembamba lakini uko chini, maskini anaufikia.

Kwa hiyo kusema mhamiaji amekata mguu kijijini ni kutojua familia zinavyoishi. Pesa zinatumwa kwa simu tangu M-Pesa ianze hapa mwaka 2008: za mbolea, ada, msiba. Kutoka kijijini kinakuja chakula, na wakati mwingine mtoto wa kulelewa asome. Shamba ndilo bima ya mtu wa mjini asiye na bima: akiugua sana au kazi ikiisha, anarudi kupumzika na kuanza tena. Matatizo yanaanza kizazi cha pili. Mtoto aliyezaliwa Mbagala, baba yake aligawiwa robo ekari Kilwa na wajomba wakaiuza, hana bima hiyo. Yeye si mhamiaji kwa maana yoyote, hajahama kutoka popote. Amerithi tabaka la baba bila shamba la baba.

Mwaka 2012 asilimia 29.6 ya Watanzania waliishi mijini. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 34.9. Ongezeko hilo haliko kwenye majiji tu. Liko pia Katoro, Makambako, Tunduma, Kahama, Ifakara, sehemu ambazo zamani zilikuwa njia panda, na leo zina vituo vya mafuta pande zote mbili na mafundi wa kila kitu. Geita, mkoa wa dhahabu wenye Katoro, ulitoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608 katika miaka hiyo kumi. Kwenye machimbo madogo huko, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anatoa pampu na chakula, wachimbaji wanashuka chini, kisha mifuko ya mawe inagawanywa kwa mgao uliokubaliwa. Mvua ikiua duara, mwenye duara amepoteza pampu na mchimbaji amepoteza miezi mitatu ya jasho.

Na matabaka mapya yanajengwa huko huko, mbele ya macho yetu. Mwalimu wa shule ya msingi aliyechukua mkopo wa mshahara miaka kumi iliyopita akanunua viwanja viwili karibu na soko, leo ana vyumba vinane vya kupangisha. Wapangaji wake ni vijana waliotoka vijiji vya jirani na magunia yao mawili matatu. Halmashauri inapopima viwanja vipya na kuvitangaza, huweka muda wa miezi michache wa kumaliza malipo. Mwenye hati ya mshahara anakwenda benki kesho yake. Muuza nyanya ambaye kipato chake kwa mwaka huenda kinamzidi mwalimu yule hana karatasi ya kuonyesha dirishani, kwa hiyo anakwenda kununua pembeni, kwa mwenye shamba, mahali ambapo barabara bado haijachorwa.